Hema la maficho la wawindaji kwa mpiga picha wa ndege: dirisha kwanza

Ukiagiza hema la maficho mtandaoni, mara nyingi utaletewa kitu kilekile kwa majina mbalimbali: hema linalojifungua lenyewe kwa waya wa springi, kitako cha mraba wa mita 1.5 hivi kila upande, kimo cha mita 1.65, halina sakafu, na kitambaa kimechapwa majani ya miti ya Marekani kwa sababu lilishonewa wawindaji wa huko. Kwa kazi ya kamera ni chombo kizuri ambacho hakijakamilika. Likitumiwa kama lilivyotoka mfukoni, picha zitakuwa za kawaida tu. Likipelekwa kwanza kwa fundi cherehani, litakukalisha mita 5 kutoka kwa mdiria anayevua samaki, naye asishtuke.

Tatizo lake kubwa ni dirisha. Mwindaji hukaa kitini, kwa hiyo madirisha yamewekwa juu, karibu mita moja kutoka ardhini. Lenzi iliyo kimo cha mita 1 ikimtazama ndege aliye topeni umbali wa mita 8 huinama takriban nyuzi 7. Hapo nyuma ya ndege utapata tope na nyayo zake. Ishushe hadi sentimita 30, mwinamo unabaki nyuzi 2, na kilicho nyuma ya ndege kinakuwa ukingo wa mbali wa bwawa, laini na usio na fujo. Mwambie fundi akate tundu la upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 20, kingo zake zipigwe pindo, kisha ashone mkono wa kitambaa wenye lastiki mwishoni ili ushike lenzi. Ndani unakaa juu ya mkeka, lenzi imelala kwenye kifuko cha mchele cha kilo 2 au 3. Tripodi ndani ya hema hili hugonga kuta kila unapogeuka.

Wavu mweusi uliofungwa madirishani unasifiwa kwamba unaweza kupiga picha ukiwa nyuma yake. Usiuamini. Lenzi ndefu iliyofunguliwa kabisa huufuta wavu usionekane, lakini hairudishi mwanga unaomezwa na wavu. Rangi hufifia, na jua likiupiga wavu kutoka mbele picha yote hugeuka maziwa. Uache kwenye madirisha ya kuchungulia tu.

Kitu cha pili kwa fundi ni bitana. Kitambaa chenyewe hupitisha mwanga, na jua likiwa nyuma yako kivuli cha mwili wako huonekana ukutani kama sinema. Kaniki inatosha: shonea ukuta wa nyuma na kuta mbili za pembeni, acha wa mbele. Usifungue dirisha la mbele na la nyuma kwa wakati mmoja, hata joto likizidi, maana ndege ataona kichwa chako kikipita kwenye mwanga. Vaa shati jeusi, na mikono ifunikwe. Chapa ya majani haina uzito wowote hapa. Kinachomfukuza ndege ni kitu kinachotikisika, ndiyo maana kitambaa kilicholegea kinachopigapiga kwa upepo ni kibaya kuliko hema la rangi isiyofaa. Vigingi vinavyokuja na hema ni vifupi mno kwa mchanga au tope. Chonga vya mti vya sentimita 40, na funga kamba kwenye pembe zote nne.

Ondoa pia velkro zote. Mlio wake asubuhi tulivu unasikika bwawa zima. Badili kwa vifungo na vitanzi.

Kuhusu mwanga, maelekezo yanayokuja na mahema haya hayatusaidii sana, kwa sababu yameandikwa kwa nchi ambazo jua hupanda polepole na kwa mshazari. Karibu na ikweta jua hupanda kama nyuzi 15 kwa saa, karibu wima. Likichomoza saa 12:30 asubuhi, kufikia saa 2:30 liko karibu nyuzi 30, na kivuli cha mdomo kimeshaanza kuangukia kifua cha ndege. Una saa mbili za mwanga mzuri, si zaidi. Faida yetu ni kwamba mwaka mzima jua huchomoza karibu na mashariki kamili, halipotoki zaidi ya nyuzi 23 na kidogo kwenda kaskazini au kusini, hivyo mahali palipochaguliwa vizuri hapaharibiki msimu ukibadilika. Hema la asubuhi liwe upande wa mashariki wa maji, mgongo kwa jua, tundu likitazama magharibi. Jioni mahali hapohapo utapata ndege weusi mbele ya jua. Tafuta ukingo mwingine badala ya kulazimisha.

Kijiti cha ndege kutulia kisimamishwe mita 5 mbele ya tundu, na nyuma yake pawe wazi mita 10 au zaidi. Kwa lenzi ya milimita 500 na sensa kamili (upana wa milimita 36), fremu kwa umbali huo ina upana wa sentimita 32 hivi, kwa hiyo mdiria wa sentimita 13 anaijaza vizuri. Lakini kwa f/5.6, kipimo cha uwazi wa lenzi, kina cha eneo kali ni sentimita 3 tu: jicho likiwa kali, mkia unaweza kupotea. Mpige akiwa ubavu. Wenye lenzi ya Canon RF 600 f/11 wakumbuke haishiki fokasi chini ya mita 4.5, na RF 800 f/11 chini ya mita 6. Wasogeze kijiti kabla, si baada ya ndege kufika. Alfajiri anza na ISO 3200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na kasi ya sekunde 1/500 kwa ndege aliyetulia. Jua likishika, ISO 400 na 1/1600 inawezekana kwa f/5.6. Yangeyange mbele ya maji meusi hudanganya kamera. Punguza mwanga kwa hatua nzima, yaani nusu, la sivyo manyoya yataungua yawe karatasi.

Baada ya saa 4 asubuhi funga kazi. Joto linalopanda kutoka kwenye tope hutikisa hewa, na hakuna lenzi inayolitibu hilo.

Hema hili halifai kila mahali. Kwenye hifadhi ambako hairuhusiwi kushuka garini, halina kazi. Kwenye Ziwa Naivasha, Kenya, usilisimamishe kwenye njia ya viboko. Karibu na kiota, kamwe, kwa sababu mzazi anayekawia kurudi huacha mayai na makinda juani. Linapofaa hasa ni kwenye majaruba ya mpunga yakiwa na maji, kwa idhini ya mwenye shamba, kabla msimu wa kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, haujafika na kuwafundisha ndege kuogopa kila kibanda.

Lisimamishe siku mbili au tatu kabla, tupu, ndege walizoee. Kila unapoingia kagua pembe zote kwa tochi, maana nyoka na siafu hupenda kivuli hicho. Ingieni wawili gizani, kisha mmoja atoke na kuondoka akionekana. Ndege wengi huridhika kwamba pamebaki patupu. Kutoka ndiko wengi huharibu. Usifungue mlango ndege akiwa kijitini. Subiri aruke mwenyewe, au mwenzako arudi amwondoe kwa kumkaribia polepole. Akikuona unachomoza kutoka ndani, kesho kijiti kitabaki kitupu.