Jumapili za Kriketi Nairobi: Tathmini ya Msimu Mzima wa Klabu Moja ya Ridhaa

Mechi za kriketi za wikendi jijini Nairobi hazina kiingilio wala mabango ya kuzitangaza, na watazamaji wake wengi ni jamaa za wachezaji au wanachama wa klabu husika. Msimu huu nilizifuata nikiwa mtazamaji wa kawaida, nikiiandama klabu moja ya ridhaa iliyo katika madaraja ya chini ya ligi ya chama cha kriketi cha mkoa wa Nairobi, NPCA, tangu baridi ya Juni hadi mvua za vuli zilipoanza kuvuruga ratiba. Jina la klabu ninaliacha, kwa kuwa wachezaji wake ni watu wa kazi za kawaida, wakiwemo wahasibu, wanafunzi wa chuo na fundi wa simu, na kasoro nitakazozieleza zinapatikana katika klabu nyingi za ngazi hiyo. Nilichotaka kujua ni kama mtu asiye na ndugu uwanjani anaweza kuitumia Jumapili yake hapo akarudi nyumbani ameridhika. Jibu langu ni kwamba anaweza, na ataridhika kuliko anavyotarajia, ila klabu inamnyima mtazamaji jambo moja la lazima, nalo ni kumjulisha mchezo umefika wapi.

Nianze na mchezo wenyewe, kwa sababu ndio ulionirudisha uwanjani wiki baada ya wiki. Anayetaka kuielewa mechi ya ova 50 kwa kila timu, kila ova ikiwa fungu la mipira sita, na afike kabla ya sarafu kurushwa ili mshindi wake achague kupiga au kurusha kwanza, amwangalie mtunza uwanja akimalizia kazi aliyoianza alfajiri. Hupitisha rola polepole juu ya pichi, ule ukanda wa katikati ambako mpira hurushwa na kupigwa, akarudi nayo kwa njia ileile, kisha hunyoosha kamba kati ya misumari miwili na kuchora mistari kwa chokaa akiwa amepiga magoti. Kutoka vigingi vitatu vya upande mmoja, ambavyo mpigaji huvilinda, hadi vya upande wa pili ni mita 20.12 tu, na katika urefu huo mdogo unyevu wa usiku huamua mengi. Asubuhi za Juni na Julai, mawingu ya Nairobi yanapogoma kuondoka hadi adhuhuri, ardhi hubaki na ubichi, na mpira mpya ukishadunda hukengeuka upande kwa namna ambayo wapigaji wengi wa ngazi hii hawana dawa yake. Ndiyo maana manahodha waliposhinda sarafu walichagua kurusha kwanza, na ndiyo maana mechi za mwanzo wa msimu zilikuwa za mikimbio michache, ndiyo alama za mchezo huu, na wiketi nyingi, yaani wapigaji wengi waliotolewa. Kuna watazamaji wanaoziona mechi za aina hiyo kuwa kavu. Mimi nilizipenda mno, kwa sababu mpigaji anayedumu ova 20 katika hali hiyo, akiacha mipira ya nje ipite na kuzuia ile inayolenga vigingi, anaonyesha ujuzi mkubwa kuliko anayepiga sita tatu, yaani mipira mitatu ya kuvuka mpaka bila kudunda, mchana wa jua.

Kufikia Septemba, jua lilipokuwa limekausha pichi na majani ya uwanja yameanza kugeuka rangi, wapigaji walilipiza kisasi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira uliopigwa sawasawa husafiri mbali kuliko unavyosafiri Mombasa. Wapenzi wa kriketi wa jiji hili hadi leo hukumbushana kwamba ni katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, tarehe 4 Oktoba 1996, ambapo Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, akipiga sita 11, na rekodi hiyo ya mechi za kimataifa za siku moja ikadumu hadi Januari 2014. Klabu niliyoifuata haina Afridi wake. Lakini ina mpigaji wa kufungua zamu ya timu ya kupiga, mtu wa makamo mwenye tumbo kidogo, ambaye pigo lake la kusukuma mpira kati ya walinzi wawili wa upande wa nje, goti limekunjwa na kichwa kikiwa juu ya mpira, lingefaa kurekodiwa na kuonyeshwa watoto wa shule.

Kasoro ya kwanza niliyoiona ni saa ya kuanza, na si kasoro ndogo. Timu ikitimiza mwendo unaotakiwa, ova 50 humalizika kwa saa tatu na nusu. Mechi ikianza saa tatu na nusu asubuhi, zamu ya kwanza itakwisha saa saba mchana, watu watakula kwa dakika 40, na zamu ya pili itakwisha baada ya saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa bado wa kutosha. Ikianza saa tano kasorobo, ova za mwisho zitaangukia saa kumi na mbili na nusu, jua likizama, na hapo hatujahesabu mapumziko ya maji wala mpira uliopotea kwenye vichaka. Mara kwa mara niliishuhudia sarafu ikirushwa baada ya saa nne na nusu kwa sababu mchezaji mmoja au wawili walikuwa bado njiani. Katika mechi moja ya Agosti, siku ya mawingu, wenyeji walikuwa wanahitaji mikimbio isiyofika 20 wakiwa na wiketi tatu mkononi. Waamuzi wakakutana katikati ya uwanja, wakaamua kwamba mpira mwekundu hauonekani vya kutosha kwa mtu kukabili kasi, na mchezo ukaendelea kwa makubaliano kwamba watarusha wale wa taratibu pekee. Wenyeji walishinda, lakini ushindi ule haukumridhisha mtu yeyote aliyekaa pale tangu asubuhi, kwa sababu mrushaji bora wa wageni, aliyestahili kuimalizia mechi ile, alisimama mpakani mikono kiunoni. Nahodha anayewaambia wachezaji wake wafike saa mbili na nusu, na anayeanza na tisa waliofika, anawatendea haki wote, wakiwemo wapinzani.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonikera zaidi, maana dawa yake ni rahisi. Kriketi ni mchezo wa hesabu. Mtazamaji asipojua timu inahitaji mikimbio mingapi kwa ova zilizobaki, na wiketi ngapi zimeanguka, ataona watu waliovaa nyeupe wakitembea huku na huku, na baada ya saa moja atainuka aende zake. Uwanja wa nyumbani wa klabu hii una ubao wa alama wa mbao, mkubwa na imara, wenye kulabu za kutundikia namba. Kwa muda mwingi wa msimu ubao huo ulionyesha matokeo ya zamani au haukuonyesha chochote. Mtu akitaka kujua hali ya mchezo ilimbidi auzunguke uwanja hadi kwenye meza ya waandishi wa alama na kuuliza, na ni wageni wachache wenye ujasiri wa kufanya hivyo.

Nasikitika hasa kwa sababu meza hiyo ndiyo sehemu bora ya uwanja. Huketi waandishi wawili, mmoja wa kila timu, ili kila upande uwe na kitabu chake na vitabu viwiane. Mwandishi wa klabu msimu huu alikuwa msichana wa sekondari mwenye kalamu za rangi tofauti, moja kwa kila mrushaji. Kila mpira una alama yake: nukta ukiwa haukutoa mkimbio, namba ukiwa umetoa, na ova ikiisha bila mkimbio wowote, nukta zake sita huunganishwa kwa mstari hadi zikawa herufi M. Ova kama hiyo ikiwa na wiketi ndani yake, mstari hupitishwa kwa namna ya kutoa W. Mwamuzi akiinua mikono miwili kuashiria sita, au akiinyoosha yote miwili pembeni kuashiria mpira mpana, yaani uliopita mbali na mpigaji, mwandishi hana budi kuinua mkono wake kumjibu, na mwamuzi husubiri jibu hilo kabla ya kuruhusu mpira unaofuata. Msichana yule hakupitwa na ishara hata moja nilipokuwa karibu naye, na mwisho wa kila ova alimsomea mwenzake jumla, mwenzake akaitikia, wakaendelea. Aliponieleza kwa upole kwa nini mkimbio uliopatikana kwa mpira kugonga mguu hauhesabiwi kwa mpigaji, nilijifunza mengi kuliko ambayo ningeyapata kwa kutazama peke yangu. Kazi nzuri kiasi hicho inabaki ndani ya kitabu, ilhali mtoto mmoja na seti ya bati za namba vingeitoa nje ikasomeka na uwanja mzima.

Kuhusu uamuzi sina malalamiko makubwa. Katika baadhi ya mechi mwamuzi wa pili hakutokea, na nafasi yake ya pembeni mwa mpigaji ikashikwa na mchezaji wa timu inayopiga, utaratibu ambao kila klabu ndogo inaujua. Mabishano yaliyotokea yalihusu mguu kuzuia mpira uliokuwa unalenga vigingi, na yalikwisha upesi. Mahali pengine nimesikia matusi kwa jambo dogo kuliko hilo. Hapa mpigaji aliyeinuliwa kidole na mwamuzi, ishara ya kwamba ametolewa, aliondoka.

Huduma nyingine ni za wastani hadi nzuri. Kivuli kipo upande mmoja tu, chini ya safu ya miti, na kufikia saa sita viti vyote vya huko huwa vimejaa, hivyo mwenye familia na abebe mkeka au viti vyake. Vyoo vilikuwa safi. Chakula kinastahili sifa ya pekee: samosa za nyama zilitoka moto, bhajia zilikuja na ukwaju, na chai ya maziwa ilimiminwa kwa kila mtu aliyekuwepo, awe mwanachama au mpita njia. Mama mmoja anayesimamia jiko hilo aliniona nikisita mlangoni akaniambia, "Karibu, baba, chai haina uanachama," na tangu siku hiyo sikujihisi mgeni tena.

Kuna jambo ambalo haliwezi kupimwa kwa viti wala kwa samosa, nalo ndilo linalonifanya niipe klabu hii alama za juu. Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja uleule wa Nairobi Gymkhana, Kenya iliishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53 katika Kombe la Dunia, Collins Obuya akichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24 kwa mipira ya kuzungusha, ile ya taratibu inayopinda ikishadunda, na safari ile ikatufikisha nusu fainali. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na tangu hapo kizazi kizima kimekua bila kuiona timu ya taifa ikicheza na mataifa makubwa hapa nyumbani. Kriketi inayoonekana kwa macho ni hii ya wikendi. Kwa hiyo nilitazama kwa makini jinsi klabu inavyowatendea vijana wake, na niliyoyaona mchana mmoja wa Septemba yalinitosha. Nahodha alimpa mpira kijana wa miaka 15, mrushaji wa mipira ya kuzungusha, wapinzani wakiwa wameshazoea pichi. Mpira wake wa pili ulipigwa sita, wa tatu ukapigwa nne, ukavuka mpaka baada ya kudunda. Nahodha alimwendea, akamwekea mkono begani na kumwambia kwa sauti tuliyoisikia sote, "Wewe urushe juu, kijana wangu. Walinzi niachie mimi." Hakumpokonya mpira baada ya ova ile, wala baada ya iliyofuata, ingawa mikimbio ilikuwa inatoka. Katika ova ya nne mpigaji alitoka kwenye mstari wake kuufuata mpira ulioninginia hewani, ukamzunguka, na mlinda wiketi, anayesimama nyuma ya vigingi, akavivunja, mpigaji akawa ametolewa. Ipo timu inayotaka ushindi wa siku hiyo tu ambayo ingemtoa kijana yule baada ya mipira mitatu, na pengine asingerudi mazoezini.

Kwa anayepanga kwenda msimu ujao, ushauri wangu ni achague Jumapili za Septemba na mwanzo wa Oktoba, pichi ikiwa kavu na mvua bado, na afike saa tatu asubuhi hata kama mechi itachelewa. Akae karibu na meza ya waandishi, asiogope kuuliza. Asiyeweza kukaa siku nzima na aje baada ya chakula cha mchana, kwa kuwa zamu ya pili ina lengo linalojulikana na huvutia zaidi, na wenye watoto wadogo waanze na mechi za ova 20 za Jumamosi, ambazo hukwisha kwa muda usiozidi saa nne. Mimi nimewaandikia viongozi wa klabu nikijitolea kulipia bati mpya za namba za ubao, kwa sharti moja tu, kwamba apatikane mtu wa kuzibadilisha kila ova inapokwisha.