"Louie Louie" ya The Kingsmen: Nunua Ile Yenye Kosa

Wimbo huu umerudiwa mara nyingi mno, hata na The Kingsmen wenyewe, bendi ya roki ya Marekani, kwa hiyo kununua toleo lisilo lenyewe ni rahisi. Linalotakiwa ni la 1963, santuri ndogo ya mizunguko 45 iliyotolewa na lebo ya Jerden, kisha na Wand. Kulitambua, sikiliza sehemu ya gitaa la Mike Mitchell. Likishamaliza, kidogo kabla ya dakika ya 2, mwimbaji Jack Ely anaingia mapema, anashtuka, ananyamaza. Lynn Easton anaziba pengo kwa ngoma, ndipo beti inaanza upya. Kosa hilo lisiposikika, hiyo ni rekodi nyingine.

Sauti yake ni ya vurugu, na vurugu hiyo ndiyo utamu wake. Bendi ilirekodi Portland, Oregon, Aprili 1963, wote wakipiga kwa pamoja, kwa gharama ya takriban dola 50. Kipaza sauti cha Ely kilining'inizwa juu sana, ikambidi ainue uso na kupaza sauti kuzishinda ala, huku meno yake yamefungwa vyuma vya kuyanyoosha. Ndiyo maana maneno yamemezwa. Usihangaike kuongeza sauti nyembamba kwenye redio yako: matoazi yatakukera na maneno hayatasikika zaidi.

Ukungu huo wa maneno ulizua balaa. Gavana wa Indiana, Matthew Welsh, aliuita wimbo wa matusi, na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wakauchunguza, wakiucheza kwa kasi mbalimbali, hadi wakakiri kwamba maneno hayaeleweki. Kumbe ni baharia tu anayemweleza mhudumu wa baa habari za msichana anayemngoja Jamaika! Pamoja na kelele zote hizo, wimbo ulifika namba 2 kwenye chati ya Billboard, jarida la muziki la Marekani.

Kwa mpiga gitaa, santuri hii ni darasa. Kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni A, D, E ndogo (Em), kisha D tena. Piga A mara 3, D mara 2, E ndogo mara 3, D mara 2. Wanaoanza hukosea kwa kupiga E kubwa, na hapo hapo wimbo unalainika na kupoteza ukali. Mapigo haya nayo yametokana na kosa: Ely aliwafundisha wenzake kwa kukumbuka toleo la 1961 la Rockin' Robin Roberts na The Wailers wa Tacoma, akayapunguza bila kukusudia. Yakawa mazito zaidi, na kwa kweli mazuri zaidi.

Jihadhari na albamu "The Kingsmen in Person". Rekodi iliyomo ni hii hii, ila imebandikwa kelele za watazamaji juu yake, na zinaharibu.

Ukitaka kusikia kila neno, tafuta pia santuri ya mtunzi mwenyewe, Richard Berry, ya 1957. Ina mwendo wa chacha, dansi ya Kuba, aliouchukua kwenye "El Loco Cha Cha" ya René Touzet, na anaimba kwa upole, kila silabi mahali pake. Huyu ndiye aliyeuza haki zake kwa dola 750 mwaka 1959, miaka 4 kabla ya vijana wa Portland kuingia studio.