REAPER 7 juu ya Windows 7: Laptopu ya 2010 yapiga Rast

Assalamu alaikum, hamjambo nyote, karibuni tena. Leo nimefunga madirisha yote mawili, joto na liwe liwalo, kwa sababu nataka msikie kitu, na tuktuk za hapa Majengo hazimngojei mtu. Kabla hujapitisha kidole kwenda video nyingine, nipe sekunde kumi tu. Sikia.

Umeipata ile noti ya tatu? Narudia. Hiyo hapo. Ni noti ya Rast, mmoja wa mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, ile tunayoiita maqamu. Noti hiyo haiko kwenye kibodi yako wala yangu. Si ufunguo mweupe, si mweusi, imekaa baina yao, pale pale anapoiweka mpiga udi kwa kidole chake. Na inatoka kwenye laptopu hii mnayoiona, ex-UK ya mwaka 2010, Core i5 ya kizazi cha kwanza, RAM giga 4, na ndani yake Windows 7. Ndiyo, Windows 7 ile ile ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Programu iliyo juu yake ni REAPER 7, ya kurekodi muziki, ambayo imetoka Oktoba 2023. Programu ni mpya, mfumo ni wa zamani, na vinaelewana. Nina furaha, jamani, tangu juzi silali vizuri!

Mambo ya treki ngapi na inafungua faili za aina gani nayaruka. Hayo mnayajua.

Najua swali litakalokuja huko chini: mbona usiweke Windows mpya yaishe? Nimeweka. Mwaka jana niliweka Windows 10 kwenye mashine hii hii. Ikawa ukiiwasha unaweza kwenda kununua mahamri, ukarudi, ukala, ndipo ikae sawa. Lakini hilo ningelivumilia. Kilichoniudhi ni intafesi, kile kifaa cha kuingizia sauti za maikrofoni kwenye kompyuta. Hii hapa, inaunganishwa kwa FireWire, aina ya waya wa zamani, ina matundu manane, niliinunua kwa studio iliyokuwa inafungwa. Kampuni iliyoitengeneza iliacha zamani kuiandikia draiva, yaani programu ya kuielewanisha na Windows, na draiva ya mwisho waliyotoa inaishia Windows 7. Kwenye 10 haionekani kabisa, kama sikuchomeka kitu. Na mimi siwezi kuitupa. Kundi la taarab likija hapa nataka udi uwe na maikrofoni yake, ganuni yake, fidla yake, dumbak yake, tari yake, na mwimbaji wake, na wote wapige kwa pamoja huku wakitazamana. Intafesi ya matundu mawili itanisaidia nini? Nikairudisha Windows 7 usiku ule ule.

Sasa REAPER. Waliotengeneza wanaitwa Cockos, na mwanzilishi wake ni Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp, ile programu ya kuchezea muziki. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka Winamp kwenye saiba, kila kompyuta ilikuwa nayo. Faili ya kusakinisha haifiki megabaiti 20. Niliishusha kwa simu, nikaihamisha kwa flashi, dakika mbili ikafunguka. Na wanasema wenyewe bila kujificha kwamba inakwenda kuanzia Windows XP hadi Windows 11. XP, jamani! Programu gani nyingine ya kurekodi leo itakwambia hivyo?

Kwa bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kwanza kabla ya kukitoa, ya sampuli 256 kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, nina ucheleweshaji wa karibu milisekunde 6, mwimbaji anajisikia kwenye hedfoni bila kulalamika. Treki zikizidi napandisha hadi 512, inakuwa kama 12, na hapo wapiga tari wanaanza kunikunjia uso, basi nagandisha treki zilizokwisha. Bonyeza treki kwa upande wa kulia, chagua kugandisha, plagini, zile programu ndogo za sauti zinazokaa ndani ya REAPER, zinapumzika na prosesa inapumua.

Lakini nisiwadanganye. REAPER kufunguka ni jambo moja, plagini kufunguka ni jambo jingine. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa, na mimi nilikaribia. Nilinunua plagini ya fidla, kwa pesa yangu, dola zangu, sitaitaja. Naiita, tazama kioo: dirisha jeupe, maneno ya Kiingereza, kuna mlango haukuonekana ndani ya KERNEL32.dll. Maana yake nini? Plagini ile ni faili ya DLL, yaani programu iliyokwisha kutengenezwa kwa Windows, na ikiamka inaomba huduma kwa Windows: nipe hiki, nipe kile. Aliyeiandika alitumia huduma zilizokuja na Windows 8 au 10. Windows 7 inatazama ndani, haina, mazungumzo yamekwisha. Hakuna kitufe cha kubonyeza hapo. Wakati mwingine linalokosekana ni lile faili lenye jina refu linaloanza na api-ms-win-crt, na hilo lina dawa, ni sasisho la Microsoft namba KB2999226, unaliweka juu ya Service Pack 1 na mambo yanakwenda. Ila ikitaja KERNEL32, usijisumbue. Nimekesha siku tatu nikijisumbua, ndiyo nawaambia.

Na hasira zile ndizo zilizonipeleka kwenye kitu nilichokuwa nakipita miaka yote. Hebu nisogeze kamera. Hapa, kwenye orodha ya plagini, kuna zilizoandikwa JS mbele. Zinaitwa JSFX. Zina sura mbaya, hazina picha ya kinanda wala visu vinavyong'aa, kwa hiyo sikuwahi kuzigusa. Lakini JSFX si DLL. Ni maandishi matupu. REAPER yenyewe inayasoma, inayageuza kuwa lugha ya mashine papo hapo unapoifungua, na plagini haiendi kugonga mlango wa Windows kuomba chochote. Kama REAPER imefunguka, na hizo zinafunguka. Iliyoandikwa jana na mtu mwenye Windows 11 inacheza kwangu hapa. Nimejaribu kumi na tano, zote kumi na tano zimekubali.

Na unaweza kuandika yako. Tuone, hii ndiyo sehemu niliyowaitia.

Maqamu ya Rast, tukianza C: C, D, halafu E ambayo imeshushwa robo toni, F, G, A, na B nayo imeshushwa robo toni. Kibodi ya kawaida haina E hiyo. Ndiyo maana taarab nyingi za kibodi ukizisikiliza unahisi kuna chumvi haikutiwa, hata kama hujui ni nini. Sasa kila sinthi, yaani kibodi ya sauti za elektroniki, ina kile kigurudumu cha kupinda sauti. Katikati yake, kwa MIDI, lugha ambayo kibodi na kompyuta zinaongea, ni 64. Ukikishusha mpaka 0, kwa kawaida sauti inashuka nusu toni mbili, yaani toni nzima. Basi toni nzima ni hatua 64, robo ya toni ni hatua 16. Toa 16 kwenye 64. Unabaki na 48. Hiyo 48 ndiyo Rast yetu!

Nafungua kiandishi. Mistari haifiki kumi na tano. Inasema hivi: pokea noti inayokuja. Igawe namba yake kwa 12, angalia baki. Baki ikiwa 4, hiyo ni E, popote ilipo kwenye kibodi, chini au juu. Ikiwa 11, ni B. Kwa hizo mbili, tuma kwanza amri ya kupinda yenye 48, ndipo uitume noti. Kwa nyingine zote tuma 64, halafu noti. Control na S, basi. Hakuna kufunga programu wala kuwasha upya. Sikia: E ya kawaida. Naitia JSFX. E ya Rast. Ya kawaida. Ya Rast. Wallahi nilipoisikia mara ya kwanza nilisimama.

Angalia mpangilio, amri itangulie noti. Mimi mwanzo niliziweka kinyume, nikasikia kila E inaanza juu kisha inateleza chini, kama kaseti iliyolegea. Jambo jingine, amri ya kupinda inavuta kila kitu kilicho kwenye chaneli ile. Ukipiga akodi kwa mkono wa kushoto, na zenyewe zinashuka. Kwa hiyo mkono wa kushoto unakaa kwenye treki yake, bila JSFX. Na ukichagua sauti yenye mkia mrefu, fidla kwa mfano, mkia wa noti iliyopita unavutwa pia. Sikia hapa, D inaisha huku inaanguka. Nafupisha mkia, imekwisha. Sauti ya akodioni haina shida hiyo hata kidogo, inakata pale pale.

Halafu akaja ami yangu. Yeye ni mpiga udi, anapiga harusini tangu sijazaliwa. Nikamchezea, nikangoja sifa. Akaweka udi mapajani, akaigusa noti ile, akaniambia, "Mwanangu, umeishusha sana. Panda." Nikaongeza mstari mmoja kwenye maandishi, ukanipa slaidi ya kubadilisha ile 48. 49. "Panda." 50. "Kidogo." 51, akanyamaza, akaanza kupiga nami. Kila hatua pale ni kama senti 3 za muziki (nusu toni ni senti 100), kwa hiyo yeye alikuwa anasikia tofauti ya senti 9 hivi kutoka kwenye hesabu yangu, kwa sikio tupu, na feni inanguruma. Vitabu vinasema ishuke senti 50, ami anasema senti 40 na kidogo. Faili yangu imebaki kwenye 51.

Sasa mtanitajia Ableton Live, programu nyingine ya kutengenezea muziki. Ni kweli, Live 12 ina mifumo ya kutuni ndani yake, unachagua na unapiga, hakuna kuandika mstari hata mmoja. Nimeiona kwa rafiki yangu kule Bamburi, ni kazi nzuri sana, siwezi kuisema vibaya. Lakini inataka Windows 10 au 11, na mimi nimeshawaeleza habari ya intafesi. Na FL Studio, ya kutengenezea biti, ninaiheshimu, nusu ya vijana wa Pwani wanaotengeneza biti wameanzia huko, na ukiinunua mara moja masasisho ni bure maisha yako yote. Kama kazi yako ni biti tupu, baki nayo. Kwa kurekodi watu sita kwa pamoja, mimi mkono wangu umezoea REAPER.

Bei. Unapewa siku 60 za kujaribu, kila kitu kiko wazi. Baada ya hapo leseni ni dola 60 kwa mtu binafsi ambaye kazi yake haimwingizii zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, na wengi wetu tumo humo. Kwa shilingi ni kama 7,800 hivi. Leseni hiyo inakufikisha mpaka toleo la 8.99. Tafadhali lipeni. Mimi natoza chini ya hapo kurekodi kaswida moja, na bado kuna anayeniomba nipunguze, kwa hiyo najua uchungu wa mtu kuchukuliwa kazi yake bure.

Na jambo la usalama nalisema kwa uzito. Mashine hii haiingii mtandaoni. Kadi ya waifai nimeizima kabisa. Mfumo usiopata masasisho ukiuweka kwenye intaneti unajitafutia balaa. Kila kitu kinashushwa kwenye simu, kinakuja kwa flashi, na flashi hiyo haiendi saiba ya mtu. Plagini zinazotaka kuthibitishwa mtandaoni kila mwezi, kwangu hazina nafasi. Kama huna sababu kama yangu ya intafesi, na laptopu yako inabeba Windows mpya bila kuhema, nenda nayo mpya. Nilianza video hii nikitaka kuwaambia nyote mbaki na 7, lakini nikifikiria mtu anayefungua M-Pesa na barua pepe zake kwenye mashine hiyo hiyo, hapana, siwezi kumwambia hivyo.

Habari za chaneli: Alhamisi ijayo hakuna video, nina harusi mbili za kurekodi, moja Mtwapa na nyingine Likoni, na kivuko ni kivuko, sijui nitarudi saa ngapi. Wiki itakayofuata nitafungua hii intafesi niwaonyeshe chumvi ya bahari inavyokula matundu na ninavyoyasafisha, wengi mmeniuliza. Kama hujajisajili, jisajili, bonyeza na kengele. Maandishi ya JSFX nimeyaweka yote hapo chini, nakili, ibandike, badilisha 51 iwe ya ami wako.

Nawaachia hii tuliyorekodi jana. Udi upo sikio la kushoto, akodioni ya kibodi sikio la kulia, mwimbaji bado. Vaeni hedfoni, msikilize wanavyokutana kwenye E.