Chekechea ya Chumbageni: asubuhi safi, mchana mmh

Kijana wangu ana miaka minne, anasoma chekechea moja huku Chumbageni Tanga, jina silitaji maana lawama zipo pia, ila kwa walimu jamani, pale wapo vizuri.

Nilikuwepo siku moja saa ya uji. Mmoja kawekewa kwenye kikombe kirefu chembamba, mwenzie kwenye bakuli pana, upawa ni ule ule mmoja mmoja, basi wa bakuli akaangua kilio eti kapunjwa. Mi ningesema huyu ana gubu tu. Ticha wala hakubishana nae, akachukua kikombe kingine kirefu akammiminia uji wake ule ule anaona kwa macho, mtoto kimyaa, anakunywa. Baadae ndo ananieleza kwamba Piaget, yule Mswisi mtaalamu wa akili za watoto, alishalionyesha hilo, kuanzia miaka 2 mpaka 7 hivi mtoto anahukumu kwa jicho, kilichopanda juu ndo kingi, ukimwambia viko sawa unajichosha bure.

Na hawamfuati Piaget kila mahali. Wangu akipanga vifuniko vya soda anaongea peke yake, "hiki huku, hapana, hiki", mpaka bibi yake alishataka asomewe dua. Piaget aliyaona maneno hayo ni ya mtoto asiyejali kama anasikilizwa, yatakufa yenyewe, Vygotsky, mwanasaikolojia wa Moscow, akakataa, akasema hapo mtoto anajiongoza kwa sauti na akikua sauti inaingia ndani inakuwa fikra. Pale hawamnyamazishi, akikwama ticha anamtupia kaswali kamoja anamwacha aendelee, na kweli anamaliza.

Sasa lawama. Darasa limejaa mno, ticha mmoja na dada wa kumsaidia, na kuanzia saa sita ni madaftari tu, a e i o u mistari kibao na homuweki juu. Erikson, nae mtaalamu wa makuzi ya watoto, anasema umri huu ndo wa mtoto kuanzisha mambo yake mwenyewe, ukimzimazima kila saa anabaki anajiona mkosaji. Nikamwambia mkuu, akanijibu wazazi ndo wanataka daftari lijae, na hapo simbishii, tupo wa hivyo.

Choo kisafi, geti linafungwa, ada unalipa kwa awamu. Mpeleke tu. Mi wangu namfuata saa sita kasoro.