Unanunua haibridi Dar? Anza na swali la soketi

Nilimsindikiza kaka yangu kwenye yadi moja ya magari Mwenge. Alikuwa ameipenda Mitsubishi Outlander PHEV ya 2014, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme unayoweza kuichaji kwa waya, nyeupe, viti safi, nafasi ya familia nzima. Muuzaji akasema, "Bosi, hii ni haibridi ya kuchaji, mafuta utayasahau." Nikafungua buti. Waya wa kuchajia ulikuwa umekunjwa ndani ya mfuko wake, plagi ya Kijapani bado inang'aa. Nikamuuliza kaka, "Ukifika Tabata utaichomeka wapi?" Akanyamaza. Nyumba anayopanga ina wapangaji sita, mita moja ya LUKU, na gari linalala nje ya geti.

Watu wengi wa kipato cha kawaida wanakwama hapohapo. Gari lenyewe si baya. Nimeliendesha, na ile kimya yake ukiwa kwenye foleni ya Ubungo inapendeza kweli. Ila linadai makazi ambayo wengi wetu hatuna. Kwa hiyo mpangilio wangu, kuanzia linalofaa zaidi, kwa mtu anayenunua gari moja la kila siku hapa Dar, ni huu.

1. Haibridi ya kawaida

Toyota Aqua au Fielder haibridi. Betri inajichaji yenyewe unapofunga breki na injini inapofanya kazi, huchomeki popote. Foleni inayoua magari mengine ndiyo inayoipa nafuu: ukisota Tazara, injini inazima na mota inakusogeza. Ukiendesha kwa utulivu, kilomita 20 kwa lita unazipata. Ubaya wa Aqua ni kwamba iko chini, na barabara za mitaani Goba zitakukumbusha kila siku.

Kabla ya kulipa, inama siti ya nyuma utafute tundu linalovuta hewa ya kupoza betri. Vumbi letu likiziba pale, betri inachemka na kufa mapema. Nimewahi kuona chujio lake limegeuka kama blanketi la manyoya, na mwenye gari hakujua kama kitu hicho kipo. Kisha mwombe fundi achomeke mashine ya kupimia, asome hali ya betri kipande kwa kipande. Muuzaji akikataa, ondoka.

2. Petroli ndogo

IST, Vitz, Passo. Spea zimejaa Gerezani, kila fundi anaijua, na ukitaka kuuza hukai nayo. Itakula mafuta zaidi. Ukiwa unatembea kilomita chache kwa wiki, chukua hii bila kujiuliza mara mbili.

3. Haibridi ya kuchaji

Tufanye hesabu ya Outlander. Betri ya matoleo ya mwanzo ni uniti 12, ingawa gari haliruhusu uzitumie zote. Tuseme umeingiza uniti 10 ukapata kilomita 35. Kwa tarifa ya kawaida, Sh 10,000 inatoa takribani uniti 28, kwa hiyo safari hiyo ni kama Sh 3,600. Petroli tuiweke Sh 3,000 kwa lita. EWURA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya kila mwezi, weka ya mwezi wako. Aqua itatumia Sh 5,250 kwa umbali huohuo. Umeokoa Sh 1,650 kwa siku, karibu nusu milioni kwa siku 300.

Ni pesa. Lakini Outlander inaizidi Aqua bei kwa mamilioni, na injini yake ya lita 2 inabeba karibu tani 1.8. Siku usiyochaji, unaendesha gari zito la petroli lenye mitambo miwili ya kutunza. Hata Ulaya, kwenye umeme wa uhakika, watu hawachaji mara nyingi kama ilivyodhaniwa: Tume ya Ulaya ilitoa ripoti mwaka 2024 ikionyesha kwamba magari haya barabarani yanatoa hewa ya ukaa mara 3.5 ya kile kilichopimwa maabara.

Kuna mtego mwingine, na huu unawaumiza wa kipato cha chini zaidi. Ukiwa kwenye tarifa ya matumizi madogo, ile ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, gari hili litazimaliza uniti hizo ndani ya wiki mbili. Uniti 10 kwa siku 25 ni 250. Ukihamishiwa tarifa ya kawaida, umeme wa friji na taa za nyumbani nao utapanda bei.

Waya je? Ule wa Kijapani wa volti 200 unavuta hadi ampea 15, wakati soketi yetu ya pini tatu imetengenezwa kwa ampea 13. Ukiunganisha na ekstensheni ya Kariakoo usiku kucha, unakaribisha moto ukutani. Fundi umeme avute laini ya peke yake kutoka kwenye meni swichi, na hiyo ni gharama juu ya gari. Zile soketi za volti 100 zilizomo ndani ya baadhi ya magari haya usizihesabu, pasi na jagi lako ni vya volti 230.

Nani anunue basi? Mwenye nyumba yake, geti lake, mita yake, anayekwenda kazini na kurudi ndani ya kilomita 35. Huyo nitamwambia anunue leo.

4. Umeme mtupu

Nissan Leaf za kwanza ni rahisi, ila betri yake haipozwi kwa maji, na joto la Dar halina msimu wa kupumzika. Iwe gari la pili nyumbani.

Kwa gari lolote kati ya hayo, fungua kikokotoo cha ushuru cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kuagiza. Gari likivuka miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likivuka 10 unapanda tena. Kaka aliingiza namba za ile Outlander tukiwa palepale yadi, akaona jumla, akamrudishia muuzaji funguo. Jumatatu tunakwenda kuangalia Fielder Kinondoni, na fundi tumeshampanga.