Bendi ya roki nzito kufunga tamasha Kisumu: nililipa, nikakaa mpaka mwisho

Nililipa shilingi 2,000 kwa M-Pesa, tiketi ya siku mbili, na Ijumaa asubuhi nikapanda matatu Nakuru kupitia Kericho na Ahero. Kilichonitoa nyumbani ni jina moja kwenye bango: bendi ya roki nzito kutoka Nairobi, wa mtindo ule wa progresivu, imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko wote, kufunga jukwaa usiku wa Jumamosi. Juu ya mwimbaji wa ohangla, ule muziki wa kucheza wa Wajaluo. Juu ya vijana wa rapu ambao nusu ya uwanja ilikuja kwa ajili yao. Siku nzima, kuanzia foleni ya samaki mpaka foleni ya choo, nilisikia swali lile lile: hawa ni nani, na nani kawapa usiku?

Mimi nimewasikiliza dakika 70 bila kuondoka, na nasema wanafaa kabisa kufunga. Kasoro zilikuwepo, tena nyingi, lakini karibu zote zilitoka kwa waandaaji.

Kwa asiyeujua muziki huu: nyimbo ni ndefu, dakika nane, kumi, hata kumi na mbili. Magitaa ni mazito kama ya metali, ila mapigo hayakai mahali pamoja. Umezoea nne, unapewa saba, halafu tano, halafu katikati ya wimbo kila kitu kinanyamaza na gitaa moja linabaki likinong'ona. Tool, bendi ya Los Angeles, wana wimbo wa 2001 uitwao Lateralus ambao kiitikio chake kinapita mapigo tisa, kisha nane, kisha saba. Ukijaribu kuucheza kama unavyocheza rumba, mguu unabaki hewani. Ndiyo maana wengi husema muziki wa namna hii ni wa kusikilizwa chumbani kwa vifaa vya masikioni, na kwamba anayefunga tamasha lazima awachezeshe watu wote.

Hoja hiyo siidharau. Lakini hao hao Tool walipewa usiku wao wa kufunga tamasha la Download kule Donington, Uingereza, mwaka 2006, wenzao wa siku nyingine wakiwa Metallica na Guns N' Roses. Wakapewa tena Juni 2019. Kati ya miaka hiyo miwili walikuwa hawajatoa albamu hata moja. Fear Inoculum ilitoka Agosti 30, 2019, miezi miwili na ushee baada ya tamasha. Maana yake watu walisimama uwanjani usiku kwa ajili ya nyimbo za zamani, ndefu, zilizojaa mapigo ya kuhesabu, na mwimbaji ambaye kawaida yake ni kusimama nyuma gizani karibu na dramu. Kwa hiyo inawezekana. Mimi nilitaka kujua kama inawezekana Kisumu.

Nilikuwa na shemeji, mume wa dada yangu, aliyeshuka kutoka Shinyalu mchana ule kunisindikiza tu. Roki hana habari nayo. Yeye ni mpiga isukuti, ngoma za asili za kwao, harusi na matanga yote huitwa yeye.

Mwimbaji wa ohangla alimaliza saa tatu kasoro, watu wamelowa jasho, vumbi limepanda mpaka magotini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bendi ilitakiwa kupanda saa tatu. Ilipanda saa nne kasoro dakika kumi. Dakika 50 jukwaa likiwa tupu, hakuna muziki, hakuna maelezo, vidudu vya ziwani vimezunguka taa kama moshi, na mafundi wawili wanatafuta waya wa gitaa la pili. Nilikuwa najihesabia safu za watu mbele yangu. Zilikuwa kama kumi. Noti ya kwanza ilipopigwa zilikuwa zimebaki nne. Wanaosema muziki wa bendi ndio uliofukuza watu hawakuwa wanatazama saa.

Wimbo wa kwanza haukusikika vizuri. Fundi wa sauti alikuwa amepandisha maikrofoni ya mwimbaji na dramu kubwa ya miguu, akazamisha magitaa chini kabisa, vile anavyofanya kwa msanii anayeimba juu ya mdundo wa kompyuta. Kwa muziki huu ni sawa na kupakua ugali ukaacha mboga jikoni. Mpiga besi alimwonyesha kwa kidole mara tatu, juu, juu, ndipo wimbo wa pili ukaanza kuwa na mwili.

Lakini lililoniuma hasa lilikuwa wimbo wa tatu. Ulianza mzito, ukapanda, halafu dakika ya nne hivi ukafika pale pa kunyamaza. Gitaa moja, noti chache, mpiga dramu anagusa matoazi kwa ncha za vijiti. Giza, upepo wa ziwa, watu wametulia. Nilikuwa nimefumba macho. Mara mshereheshaji akaruka jukwaani, "Kisumu mpo?", na didijei akaachia wimbo wa densi kwenye maspika. Walidhani wameshamaliza! Mpiga gitaa alibaki ameinua mkono, haelewi. Ilichukua karibu dakika nzima kuzima ule wimbo. Mtu aliyefanya miezi kuutunga muziki ule, akausafirisha usiku kucha kutoka Nairobi, hakustahili kufanyiwa hivyo, na sisi tuliolipa hatukustahili pia. Karatasi moja tu yenye orodha ya nyimbo na urefu wake, ikibandikwa kwenye meza ya didijei, ingeokoa yote.

Bendi ilifanya kitu kilichonishangaza. Hawakulalamika. Wakarudi nyuma, wakaanza upya ile sehemu ya kunong'ona, polepole kuliko mwanzo.

Hapo shemeji akaguna. Nilimwangalia: vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinagonga mkono wa kiti cha plastiki, viwili, viwili, vitatu, viwili, viwili, vitatu. Hakuwa ananiangalia, macho yote kwa mpiga dramu.

"Shemeji, huyu anahesabu saba," akasema. "Sikia. Besi ni baba. Dramu ni mama. Lile gitaa la juu ndilo mtoto, linakimbia halafu linarudi."

Anayejua isukuti ya Waisukha na Waidakho anaelewa alichosema: ngoma zake ni tatu, na ndivyo zinavyoitwa, baba, mama na mtoto. UNESCO waliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mtu aliyekulia katikati ya ngoma tatu zinazopishana hashindwi na mapigo saba. Na hapo hatujaenda kwa Wajaluo wenyewe, ambao mpiga nyatiti wao anacharaza nyuzi nane kwa vidole, anagonga mti wa chombo kwa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, na bado anaimba. Benga nayo, muziki wao wa magitaa, enzi za santuri, wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili, kwa sababu ulikuwa hautoshi upande mmoja. Unaanza na maneno, halafu magitaa yanachukua usukani na watu wanasubiri pale pa kupandisha. Sasa eti watu wa huku hawana subira ya wimbo mrefu? Wanayo toka zamani.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa dakika 12, na hapo fundi wa sauti alikuwa ameshaelewa kazi. Besi ilikuwa inaingia kupitia nyayo. Waliokuwa kwenye vibanda vya samaki walianza kurudi, wengine na sahani mkononi. Hakuna aliyecheza kama walivyocheza ohangla, ni kweli. Walitikisa vichwa, wakasimama, wakatazama. Mama mmoja muuza maji alitua katoni yake chini na kukaa juu yake mpaka noti ya mwisho. Pale pa kupandisha, uwanja ulipiga kelele pamoja, bila kuombwa na mshereheshaji.

Nikitoa nyota, bendi naipa tano. Tamasha naipa mbili: moja kwa ujasiri wa kuwapa usiku, nyingine kwa samaki, maana ngege wa kukaanga kwa shilingi 500 alikuwa mzima na wa moto. Vyoo vilikuwa vichache, usalama ulikuwa mzuri.

Kama waandaaji wanasoma: msiwaondoe kwenye nafasi ile. Wapangeni tena Jumamosi, isiwe Jumapili, kwa sababu sisi wa mbali Jumapili jioni tunatafuta matatu. Vyombo vyao vipimwe mchana, vifunikwe, vikae tayari nyuma ya jukwaa. Kati ya ohangla na wao mwekeni mpiga nyatiti peke yake, dakika 20, maikrofoni mbili zinamtosha, huku mafundi wakifunga nyaya. Wapeni dakika 90 badala ya 70. Na taa za uwanja zizimwe, nusu ya muziki ule unahitaji giza.

Shemeji ameshaniuliza mara mbili bei ya tiketi ya mwakani. Nitamlipia. Lakini nikiona ratiba imewasogeza saa tisa alasiri, chini ya jua lile la Kisumu, tutabaki nyumbani sote wawili.