Uzoefu wangu wa viwanja vya gofu vya Robert Trent Jones kule Alabama: anza na vile vifupi

Anayetaka kumwelewa Robert Trent Jones, mbunifu wa viwanja vya gofu, akiwa na fimbo mkononi aende Alabama, Marekani. Viwanja vinavyobeba jina lake huko vimetapakaa katika vituo 11, na mashimo yake ni 468, sawa na viwanja 26 vya mashimo 18. Vya kwanza vilifunguliwa 1992, kwa fedha za mfuko wa pensheni wa walimu na watumishi wa umma wa jimbo hilo. Vinapokea mchezaji yeyote anayelipa ada, bila kadi ya uanachama. Kwa ubora wa ardhi na ukubwa wa ujenzi, sijaona pengine ambapo mchezaji wa kawaida anapewa hivi.

Jones alizaliwa Uingereza 1906, akahamia Marekani akiwa mtoto, na Chuo Kikuu cha Cornell akajipangia masomo yake mwenyewe ya kazi hii. Hadi anafariki mwaka 2000 alikuwa na viwanja vipatavyo 500, kikiwemo Royal Dar es Salam cha Rabat, Morocco. Kilichompa jina zaidi ni kiwanja cha Oakland Hills, Michigan, alichokifumua kwa ajili ya shindano la US Open la 1951: mabanka (mitego ya mchanga) aliyasogeza hadi pale mipira ya mabingwa ilipokuwa ikitua. Ben Hogan alishinda kwa mikwaju 287, saba juu ya kiwango (idadi ya mikwaju iliyowekewa uwanja), na katika shindano zima ni raundi mbili tu zilizoshuka chini ya kiwango. Kanuni ya Jones ilikuwa kwamba kufikia kiwango kuwe kazi ngumu, ila kuzidisha mkwaju mmoja kuwe rahisi. Alabama kazi kubwa ya uwanjani ilifanywa na Roger Rulewich, aliyekuwa naye kwa zaidi ya miaka 30, lakini kanuni hiyo unaikuta karibu kila shimo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Tii, yaani sehemu za kupigia mkwaju wa kwanza, ni ndefu na zimepangwa ngazi kwa ngazi: zambarau nyuma kabisa, kisha chungwa, nyeupe na ya buluu-kijani. Mbele ya grini, eneo la nyasi fupi lenye kitundu na bendera, mara nyingi kuna banka upande mmoja na njia wazi upande wa pili. Grini zenyewe ni kubwa, nyingi zimeinuliwa, na zimegawanyika sehemu mbili tatu. Ukiufuata upande ulio wazi utafika salama, lakini bendera itabaki mbali. Hapo ndipo watu wanapopoteza alama, maana wanafika grini vizuri kisha wanasukuma mara tatu.

Dawa ni hesabu. Kwa kila futi 3 za kupanda ongeza yadi 1. Grini iliyo juu kwa futi 30 inataka yadi 10 zaidi, yaani fimbo moja kubwa. Kisha uliza bendera iko wapi, kwa sababu mbele na nyuma ya grini moja vinaweza kupishana yadi 30. Kipimo cha katikati ya grini kinachoonekana kwenye kioo cha kigari hakitoshi. Ukiwa na shaka, piga ndefu: banka la mbele lina kina, na kutoka humo kwenda grini iliyo juu ni adhabu mara mbili.

Kuchagua tii, chukua umbali wa fimbo yako ya chuma namba 5 uzidishe kwa 36. Anayeipiga yadi 150 anapata 5,400. Atafute tii zinazokaribia hapo. Tii za zambarau waachie wanaolipwa kucheza. Ross Bridge kutoka nyuma ina yadi 8,191! Kwa maoni yangu hicho ndicho kiwanja kinachosifiwa kupita kinachostahili: kutoka grini hadi tii inayofuata ni safari, bila kigari utachoka kabla ya mchezo.

Kilicho bora ni Grand National, Opelika, kando ya ziwa la ekari 600. Hapo kuna kiwanja kifupi, mashimo yote 18 ni ya mikwaju mitatu, na ndiko ningemwanzisha mgeni yeyote. Unakutana na kila hila ya Jones, maji, kupanda, grini zenye matuta, bila kuhangaika na mkwaju wa kwanza mrefu. Hampton Cove nayo ina kiwanja cha River kisicho na banka hata moja. Ukitoka kwenye mchanga wa vingine unaona maji na miinuko peke yake vinavyoweza kulinda grini.

Nyasi zinahitaji macho. Fewei, njia za nyasi fupi kati ya tii na grini, ni za ukoka wa bermuda, na aliyezoea kikuyu ya nyanda za juu za Kenya atashangaa: kikuyu huubeba mpira juu, lakini rafu (nyasi ndefu za kandoni) ya bermuda huumeza hadi chini. Tumia fimbo fupi yenye uso uliolala, piga kwa kushuka. Penye grini za bermuda tazama mwelekeo wa majani: zikimetameta mbele yako mpira utakimbia, zikiwa na giza utakwama. Chungulia pia ukingo wa kitundu; upande uliochakaa ndiko majani yanakoelekea.

Kabla ya kulipa uliza lini grini zinatobolewa ili udongo upate hewa. Kazi hiyo hufanywa kiangazi, miezi ya joto ya huko, na kwa wiki kadhaa mpira huruka-ruka. Kiangazi hichohicho mchana huleta radi, basi chukua nafasi za asubuhi. Anayetua Atlanta ajue kwamba Opelika iko saa moja nyuma ya Georgia. Nafasi ya saa mbili asubuhi kule ni saa tatu kwenye saa uliyotoka nayo uwanja wa ndege.